Gemu la treni likigoma kuingia: makosa ya usakinishaji kwenye simu na kompyuta, na namna ya kuyatatua

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na baadaye mwaka huohuo kufika Dodoma, maswali kuhusu treni yameongezeka kwenye namba yetu ya ujumbe mfupi. Wapo wanaouliza nauli na ratiba. Lakini vijana wengi wa Masasi na Newala wanauliza kitu kingine: wanataka kuendesha treni wenyewe kwenye simu au kompyuta, programu wameipata, ila kila wakijaribu kuiingiza inagoma.

Hatuwashangai. Huku kwetu treni ni hadithi ya wazee. Ilikuwepo reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa sababu ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, na tawi lake lilifika Masasi. Ilifungwa mwaka 1962, kisha mataruma na vyuma vikang'olewa. Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay bado ni mpango. Kwa hiyo mtoto wa Kitangari au Lulindi anayependa treni, kituo chake cha karibu ni skrini ya simu.

Katika makala hii tunaeleza makosa yanayojitokeza mara kwa mara wakati wa kuingiza simuleta ya treni, yaani programu inayoigiza kuendesha treni, pamoja na zile programu ndogo zinazoisaidia. Tunaeleza kila kosa linamaanisha nini na ufanye nini. Maelezo mengi yatakufaa hata kama unachoingiza si gemu.

Jambo moja tunaomba ulishike tangu mwanzo. Simu ikikataa programu, mara nyingi ina sababu, na sababu hiyo imeandikwa kwenye skrini. Isome kwanza. Kosa linalotusumbua zaidi hapa studioni si lile lililomshinda mtu, bali lile alilolilazimisha likapita. Simu nyingi za vijijini zinatumiwa na nyumba nzima, na simu hiyohiyo inayochezea gemu ndiyo inayopokea ujumbe wa benki fedha ya korosho ikiingia.

Tuelewane maneno kwanza

Kupakua ni kulileta faili kutoka mtandaoni hadi kwenye simu. Kusakinisha ni kulifungua faili hilo na kuipanga programu ndani ya simu ili ifanye kazi. Hizi ni hatua mbili tofauti, na kosa la kila hatua lina dawa yake. Msikilizaji anapotuandikia kwamba "gemu limekataa", swali letu la kwanza huwa: limekataa kushuka, au limeshuka likakataa kuingia?

Faili la programu ya Android huishia na herufi "apk". Simu ya batani, hata ile yenye intaneti, haiwezi kupokea faili la namna hiyo. Hilo si kosa lako wala ubovu wa faili. Mfumo wa simu hiyo ni mwingine.

Mambo manne ya kuangalia kabla ya kuanza

*Nafasi.* Fungua Mipangilio, kisha Hifadhi. Magemu ya treni ni mazito kwa sababu yanabeba picha za stesheni, mabehewa na njia nzima. Usihesabu ukubwa wa faili peke yake. Wakati wa kusakinisha, simu inahitaji nafasi ya faili lenyewe na nafasi ya programu itakayotoka humo. Kama faili ni megabaiti 500, hakikisha una angalau gigabaiti moja na nusu iliyo wazi. Kadi ya memori haisaidii sana hapa, kwani programu nyingi hukaa kwenye hifadhi ya ndani ya simu.

*Toleo la Android.* Nenda Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Andika pembeni namba unayoiona. Utaihitaji.

*Tarehe na saa.* Betri ikiisha kabisa, baadhi ya simu hurudi kwenye tarehe ya zamani. Tarehe ikiwa si sahihi, simu haiwezi kuhakiki mawasiliano na duka la programu, na kupakua kunashindikana bila maelezo ya kueleweka. Weka tarehe ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao.

*Lugha.* Kama Kiingereza kinakupa taabu, badilisha lugha ya simu iwe Kiswahili. Android inacho. Ukienda Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Lugha, utakiona. Ujumbe wa kosa utakuja kwa lugha unayoielewa, na hiyo ni nusu ya kazi. Majina ya vipengele hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini hayapishani mbali.

Makosa ya kupakua

*Inaandika "inasubiri" bila kuanza.* Mara nyingi Duka la Play linasasisha programu nyingine kwa wakati mmoja, nayo yako imepangwa foleni. Zisimamishe hizo nyingine. Pia angalia mipangilio ya Duka la Play: kama umechagua kupakua kwa Wi-Fi tu, bando la kawaida halitatumika hata kama lipo. Ikigoma bado, nenda Mipangilio, Programu, Google Play Store, Hifadhi, kisha futa kashe. Kufuta kashe hakufuti programu zako wala picha zako.

*Inafika katikati inakata.* Hili tunalijua sana huku. Ukiwa Newala mjini, juu ya uwanda wa Makonde, mtandao unaweza kuwa mzuri, ukashuka bondeni kuelekea Ruvuma ukapotea. Masasi nako milima ya mawe ina maeneo yake yaliyojificha. Duka la Play lina uwezo wa kuendelea pale lilipoishia mtandao ukirudi. Kupakua kwa njia nyingine, hasa kwenye tovuti za ovyo, mara nyingi kunaanza upya, na bando lako linaanza upya nalo. Gemu kubwa lipakue mahali penye mtandao uliotulia, saa ambazo watumiaji ni wachache, na usihame hadi likamilike. Kama mtandao wako una bando la usiku, hii ndiyo kazi yake.

Makosa ya kusakinisha

*1. Ujumbe unaosema nafasi haitoshi.*
Huu hauna kitendawili. Anza na WhatsApp: fungua mipangilio yake, ingia sehemu ya hifadhi, ufute video zilizotumwa kwenye makundi. Kisha futa mafaili ya apk ya zamani kwenye folda ya vilivyopakuliwa, kwani programu ikishaingia faili lake halina kazi tena. Zima simu na uiwashe upya, ndipo ujaribu.

*2. Ujumbe unaosema kuna tatizo la kuchanganua kifurushi.*
Simu imelifungua faili ikashindwa kulisoma. Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza, faili halijakamilika: lilikatika wakati wa kupakua au wakati wa kurushiwa na rafiki. Linganisha ukubwa wa faili lako na ule ulioandikwa pale ulipolitoa. Likiwa dogo, lifute na ulichukue upya, kwa sababu faili lililokatika halirekebishiki. Sababu ya pili, gemu linadai toleo jipya zaidi la Android kuliko lako. Hapo ndipo ile namba uliyoiandika inapofanya kazi.

*3. Ujumbe unaosema programu haioani na simu yako.*
Hapa simu inasema wazi kwamba programu ilitengenezwa kwa simu ya namna nyingine. Baadhi ya simu za bei nafuu hutumia mfumo wa biti 32, wakati baadhi ya magemu mapya yametengenezwa kwa biti 64 tu. Kinyume chake pia hutokea: kuanzia Android 14, simu hukataa programu zilizolengwa kwa matoleo ya kabla ya Android 6. Kwa hiyo gemu la zamani ulilokuwa ukicheza kwenye simu ya kaka yako linaweza kukataliwa na simu mpya ya dukani. Hakuna fundi atakayelibadilisha hilo kwa shilingi elfu tano. Tafuta toleo la gemu linaloifaa simu yako, au tafuta gemu jingine.

*4. Ujumbe unaosema kifurushi kinagongana na kingine kilichopo.*
Kila programu ya Android ina sahihi ya aliyeitengeneza. Ukiwa na gemu tayari, kisha ukajaribu kuingiza toleo jipya lenye sahihi nyingine, simu itakataa. Dawa ni kuliondoa la kwanza ndipo uingize la pili. Lakini tulia kidogo hapo. Sahihi mbili tofauti kwa gemu lenye jina moja mara nyingi maana yake ni kwamba mojawapo limepita mikononi mwa mtu mwingine aliyelifungua na kulibadilisha. Kama la kwanza lilitoka Duka la Play na la pili limetoka kwenye kundi la WhatsApp, unajua lipi limeguswa. Kumbuka pia kwamba ukiliondoa la kwanza, hatua zote ulizofika kwenye mchezo zinaweza kupotea.

*5. "Programu haijasakinishwa", basi, bila sababu.*
Mara nyingi huyu ni mgonjwa wa kurushiwa. Tangu Agosti 2021, Duka la Play linataka programu mpya zipelekwe kwa mfumo wa vipande: simu yako inapewa vipande vinavyoifaa yenyewe, kulingana na skrini, lugha na aina ya prosesa yake. Rafiki akichukua kipande kimoja kwenye simu yake akakurushia, umepokea kichwa cha treni bila mabehewa. Kwake linafanya kazi, kwako linakataa, nanyi nyote mnashangaa. Suluhisho ni kupakua mwenyewe kutoka Duka la Play. Programu nzuri za kurushiana hujitahidi kutuma vipande vyote, lakini kama simu zenu ni za aina tofauti bado linaweza kugoma.

*6. Gemu limeingia, likifunguliwa linajifunga.*
Magemu makubwa yana mafaili ya pili yanayobeba ramani na picha. Likikosa hayo, linafunguka, linaonyesha nembo, linajizima. Magemu ya zamani yalitaka mafaili hayo yawekwe kwenye folda maalumu iitwayo "obb", na simu za sasa hazikuruhusu kirahisi kuigusa folda hiyo kwa mkono. Ukilipata gemu dukani, mafaili hayo hushuka yenyewe, ila yanahitaji bando la ziada mara ya kwanza unapolifungua. Usidhani limeharibika kabla ya kulipa nafasi hiyo. Sababu nyingine ni RAM ndogo. Funga programu nyingine zote kabla ya kucheza, na ndani ya gemu punguza ubora wa picha.

Onyo ambalo hupaswi kulipita

Yapo mazuio mawili ambayo watu huyaita makosa, kumbe ni walinzi. La kwanza ni lile linalosema simu hairuhusiwi kuingiza programu zisizojulikana kutoka chanzo hicho. La pili ni la Play Protect, linalosema programu imezuiwa kwa sababu ina hatari. Kwenye makundi mtu atakwambia, "Hiyo bonyeza tu 'sakinisha hata hivyo'." Tunaomba usimsikilize kabla ya kusoma kilichomkuta mwenzetu.

Ilikuwa msimu wa korosho. Mmoja wetu hapa studioni alipigiwa simu kutoka kwao, wilaya ya Newala. Mpwa wake alitumiwa faili kwenye kundi, lina picha ya treni ya umeme, akalisakinisha kwenye simu ya bibi yake. Simu ilikataa mara mbili. Kijana akazima ulinzi, likaingia. Likafunguka skrini nyeupe isiyo na treni, likaomba ruhusa ya kusoma na kutuma ujumbe mfupi. Akakubali, akidhani ndiyo namna ya kuliwasha. Kesho yake bibi akaweka vocha, ikaisha kabla hajapiga simu hata moja. Keshokutwa vilevile. Kumbe simu ilikuwa inatuma ujumbe yenyewe.

Mnada ulikuwa umeshafanyika na malipo ya chama yalikuwa njiani kuingia benki. Mwenzetu aliwaambia watoe laini, waiweke kwenye simu ya batani, wasiguse kitu kingine hadi afike. Alipofika waliiondoa ile programu, bibi akabadilisha namba za siri, akasindikizwa benki. Hela ya korosho haikuguswa. Lakini nauli ya kwenda mjini ilitoka, na kwa siku kadhaa mama mzima alikuwa anaamka usiku kutazama simu kama kuna ujumbe. Mpaka leo haiazimi.

Ndiyo maana tunashauri ujiulize swali moja: programu hii inaomba ruhusa gani, na treni inaihitaji ya nini? Gemu linaweza kuomba hifadhi, na hata sauti. Gemu la treni halihitaji kusoma ujumbe wako mfupi, halihitaji orodha ya majina kwenye simu, halihitaji kuwa msimamizi wa kifaa, na halihitaji huduma za ufikivu zinazoweza kusoma skrini yako yote. Likiomba mojawapo, lifute.

Yapo magemu ya treni yanayopatikana kihalali kwenye Duka la Play, kama vile Indian Train Simulator ya Highbrow Interactive na yale ya Trainz ya N3V Games kutoka Australia. Kabla ya kupakua soma jina la mtengenezaji chini ya jina la gemu, kwani matapeli huiga jina na picha. Kama ulilazimika kuruhusu chanzo kingine, ukimaliza rudi ukaizime ruhusa hiyo.

Ukishaingiza programu mbaya

Fuata mpangilio huu, usikimbilie kufuta kila kitu.

1. Zima data. Kama simu ina huduma za fedha, toa laini na uiweke kwenye simu nyingine ya kawaida.
2. Washa simu kwa hali salama. Kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuzima, kisha unashikilia neno la kuzima lililotokea kwenye skrini mpaka uulizwe kuhusu hali salama. Katika hali hii programu ulizoongeza mwenyewe hazifanyi kazi.
3. Iondoe programu hiyo. Ikikataa kuondoka, nenda Mipangilio, sehemu ya usalama, tafuta programu za msimamizi wa kifaa, uinyang'anye mamlaka hayo kwanza.
4. Washa simu kawaida, fungua Duka la Play, gusa picha ya akaunti yako, ingia Play Protect na uchanganue simu yote.
5. Badilisha namba za siri za huduma za fedha na za benki, ukitumia simu nyingine iliyo salama. Waeleze benki mapema, hata kama hujapoteza kitu.
6. Piga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, tuma namba iliyotumika kwenda 15040.

Ikiwa simu inaendelea kufanya mambo yake yenyewe, hapo ndipo unairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Hamisha picha zako kwanza, maana vyote vitafutika.

Kwa wenye kompyuta

Baadhi ya wasikilizaji wetu, hasa walimu na vijana wenye maduka ya stationery, wana kompyuta ndogo zilizotumika. Huko ndiko simuleta za treni zilikozaliwa. Microsoft Train Simulator ilitoka mwaka 2001 na mpaka leo ina wapenzi duniani kote. Wapenzi hao, kwa kujitolea, wametengeneza Open Rails, simuleta inayogawiwa bure ambayo inaweza kusoma njia na mabehewa ya ile ya Microsoft.

Pembeni yake zipo programu saidizi. Route Riter, kwa mfano, hukagua njia uliyopakua na kukwambia ni mafaili gani yanakosekana. Nyingine hupanga mabehewa nyuma ya kichwa cha treni, nyingine hukuonyesha umbo la behewa kabla ya kuliweka kwenye njia. Programu hizi ni ndogo, lakini ndizo zinazoongoza kwa kugoma, kwa sababu nyingi ziliandikwa kwa Windows za zamani.

*Inasema haiioni Train Simulator.* Hili hutokea sana kwa aliyenakili folda ya gemu kwa flashi kutoka kompyuta ya rafiki. Gemu linapoingizwa kwa utaratibu wake, Windows huandika kwenye daftari lake la ndani mahali lilipowekwa. Programu saidizi husoma daftari hilo. Ukinakili kwa flashi, hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo programu inatafuta gemu isilione hata kama lipo mbele yako. Lisakinishe gemu upya kwa diski yake. Open Rails yenyewe haina shida hiyo: kwenye menyu ya mipangilio yake unaielekeza kwa mkono folda yenye njia zako.

*Inaingia lakini haihifadhi mabadiliko, au inasema haina ruhusa.* Tangu enzi za Windows Vista, folda ya Program Files inalindwa. Programu ya zamani ikijaribu kuandika humo inazuiwa, au inachoandika kinapelekwa kimyakimya kwenye folda nyingine. Unabadilisha treni, ukifungua unakuta ni ileile. Liweke gemu pamoja na programu zake nje ya folda hiyo, kwa mfano folda mpya moja kwa moja kwenye diski C. Hatua hii peke yake huondoa matatizo mengi sana.

*Inataja faili linalokosekana, lenye mwisho wa "ocx" au "dll".* Kosa namba 339 ni maarufu kwa programu za namna hii. Maana yake programu inategemea kipande cha Windows ambacho hakipo au hakijasajiliwa. Tafuta faili kamili la usakinishaji kwa mtengenezaji, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague kuliendesha kama msimamizi. Usiende kupakua hicho kipande kimoja kwenye tovuti zinazogawa vipande. Huko ndiko virusi hujificha.

*Inataka Java au .NET.* Baadhi ya kazi za Route Riter hutegemea kifaa kiitwacho TSUtil, nacho huendeshwa na Java. Open Rails inategemea .NET ya Microsoft. Hizi ni programu za msingi, zinapatikana bure kwa watengenezaji wake. Ziingize kwanza, washa kompyuta upya, ndipo uingize programu ya treni.

*Inafunguka ndani ya zip kisha inakwama.* Faili la zip ni mfuko uliofungwa. Ukiendesha programu ikiwa bado ndani ya mfuko, haivioni vipande vyake vingine. Toa vyote kwenye folda ya kawaida kwanza.

*Kinga ya virusi imelifuta faili.* Inaweza kuwa imekosea, kwani programu ndogo za watu wachache hushukiwa kwa kutojulikana. Inaweza pia kuwa imepatia. Angalia kama ulilitoa kwa mtengenezaji mwenyewe. Kama lilikuja kwa flashi iliyozunguka maduka matatu, iamini kinga.

Mwisho kwa upande wa kompyuta: karibu kila programu saidizi huja na faili fupi la maelezo. Watu huliruka. Humo ndimo mtengenezaji ameandika kitu gani kitangulie na folda gani itumike. Dakika tano za kusoma ni nafuu kuliko jioni nzima ya kubahatisha.

Ukikwama, tuandikie hivi

Hatuwezi kukusaidia kwa ujumbe unaosema "gemu limegoma, nifanyeje". Tutumie mambo matano: aina ya simu au kompyuta, toleo la Android au Windows, nafasi iliyobaki, umelitoa wapi faili, na maneno ya kosa kama yalivyoandikwa, bila kuyafupisha. Picha ya skrini ni nzuri zaidi. Hakikisha tu haionyeshi namba zako za siri wala ujumbe wa benki. Namba zetu ni zilezile unazozisikia hewani.

Na kama simu unayotaka kuingizia gemu si yako, muombe mwenyewe kwanza. Mwonyeshe gemu ni lipi, linaomba ruhusa gani, na litachukua nafasi kiasi gani. Akikubali, mkae wote wawili mlisakinishe. Nani anajua, huenda babu akakueleza treni ya Masasi ilikuwa ikilia vipi.